Kugombea Kiti cha Bodi ya Shule Minnesota: Mwongozo kwa Anayeanza

Mwaka wa uchaguzi ukikaribia, simu yangu haitulii. "Kaka, kugombea bodi ya shule ni pesa ngapi?" "Mke wangu ana grini kadi, anaweza kusimama?" "Lazima uwe na chama?" Majibu ni haya: dola 2, hapana, hapana. Lakini baada ya majibu hayo maswali huwa ndiyo yanaanza, na nimechoka kuyajibu nikiwa barabarani kuelekea zamu ya usiku. Basi nimeyaandika.

Mwongozo huu ni wa Minnesota, ninakoishi, na ambako Wakenya tumejaa Brooklyn Park na Brooklyn Center kiasi kwamba ukipiga chafya dukani utasikia "pole" kwa Kikisii. Ukiwa Ohio au Texas, kazi ni ileile lakini tarehe, ada na vikomo vya pesa ni vya huko. Usivinakili hivi vyangu. Mimi nimegombea mara mbili. Mara ya kwanza nilishindwa, na makosa mengi utakayosoma hapa niliyafanya mwenyewe.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi yenyewe. Bodi humwajiri suparintendenti, yaani mkuu wa shule zote za wilaya ya shule (eneo ambalo shule zake za umma ziko chini ya bodi moja), hupitisha bajeti na sera, na huamua kama wapiga kura waulizwe kuongeza kodi ya shule. Haipangi nani afundishe hesabu darasa la tano. Ukitaka kiti ili umkomeshe mwalimu aliyemkaripia mwanao, umebisha mlango usio wako. Wilaya nyingi zina wajumbe sita au saba, kila mmoja kwa miaka minne kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Januari.

Unavyohitaji kabla ya kuanza

- Uraia wa Marekani. Grini kadi haitoshi.
- Umri wa miaka 21 ifikapo siku ya kushika kiti.
- Kuwa umeishi ndani ya wilaya hiyo ya shule siku 30 kabla ya uchaguzi.
- Kitambulisho chenye anwani ya sasa, si ya nyumba uliyohama mwaka juzi.
- Dola 2.
- Mtu mmoja mwaminifu wa kushika hesabu. Asiwe wewe.
- Viatu vizuri. Hili sifanyi mzaha.

Hapo kwenye uraia nataka tukae kidogo. Mwenye grini kadi asijaze fomu ya kujiandikisha kupiga kura, hata kama kijana mwenye ubao na kalamu nje ya duka anamwambia "wewe jaza tu, mama." Kudai uraia usio nao kunaweza kumfukuzisha mtu nchini. Na Mkenya anayeogopa kuapa uraia wa Marekani asije akapoteza wa nyumbani, atulie: Katiba ya 2010 inaruhusu uraia wa nchi mbili. Ndugu zetu Watanzania hawana nafasi hiyo, kwa hiyo wao wapime mara mbili kabla ya kuapa.

Hatua ya 1: Ijue wilaya yako ya shule

Mji na wilaya ya shule ni vitu viwili tofauti. Brooklyn Center ni mji mdogo, lakini umegawanyika katika wilaya nne za shule: Brooklyn Center, Osseo, Robbinsdale na Anoka-Hennepin. Jirani wa ng'ambo ya barabara anaweza kuwa mpiga kura wa bodi nyingine kabisa. Nilimfahamu mtu aliyetembea Jumamosi nzima akigawa vipeperushi kwenye mtaa ambao hauna hata kura moja yake.

Ingia tovuti ya ofisi ya Secretary of State ya jimbo, inayosimamia uchaguzi, weka anwani yako, itakuonyesha wilaya yako. Kisha uliza swali la pili: je, viti ni vya wilaya nzima au vya kanda, yaani sehemu moja ya wilaya? Anoka-Hennepin huchagua kwa kanda, na lazima uishi ndani ya kanda unayogombea. Minneapolis ina viti tisa: vitatu vya mji mzima na sita vya kanda. Wilaya nyingine nyingi hazina kanda. Wagombea wote wako kwenye orodha moja na karatasi inasema "chagua hadi watatu", au idadi yoyote ya viti vilivyo wazi.

Hatua ya 2: Hudhuria vikao vitatu

Kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba unagombea, nenda ukakae nyuma ya ukumbi. Ratiba na ajenda huwekwa kwenye tovuti ya wilaya. Vikao huwa jioni, siku za kazi, na mara nyingi utakuta watu kumi tu.

Kikao changu cha kwanza kilichukua saa mbili na nusu, na saa nzima ilikuwa ya mabasi: madereva wamepungua, je, shule ya kati ianze mapema dakika 25 ili basi moja lifanye mizunguko miwili? Nilidhani ni porojo mpaka mama mmoja akasimama akasema yeye hutoka zamu saa moja na nusu asubuhi, na dakika hizo 25 ndizo anazotumia kufika nyumbani kumvalisha mtoto koti. Mjumbe mmoja aliandika kwenye karatasi. Wengine walitazama saa. Nilijua hapo hapo nitakachokuwa nikikisema mlangoni.

Chukua bajeti pia. Usiisome yote, utalala. Tafuta mambo matatu: wanafunzi wanaongezeka au wanapungua, akiba imebaki kiasi gani, na ombi la mwisho la kodi lilipita au lilikataliwa.

Hatua ya 3: Panga kalenda kuanzia mwisho kurudi mwanzo

Uchaguzi huwa Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba. Wilaya nyingine huchagua miaka inayogawanyika kwa mbili, nyingine miaka isiyogawanyika. Uliza yako.

Tuchukue uchaguzi wa Novemba 3, 2026 kama mfano. Wilaya isiyo na mchujo (kura ya awali ya kupunguza wagombea) hupokea fomu za kugombea kuanzia Julai 28 hadi Agosti 11. Wilaya yenye mchujo wa Agosti hupokea mapema zaidi, Mei 19 hadi Juni 2. Kura ya mapema inafunguliwa siku 46 kabla, yaani Septemba 18.

Onyo: kosa linaloua wagombea wengi wetu ni kusikia "uchaguzi ni Novemba" na kuanza kujipanga Septemba. Septemba mlango umeshafungwa kitambo. Na siku ya mwisho, saa kumi na moja jioni ni saa kumi na moja jioni. Hakuna "naomba dakika tano, niko kwa foleni."

Hatua ya 4: Jaza hati ya kiapo na ulipe

Fomu hupelekwa kwa karani wa wilaya ya shule, katika ofisi kuu ya wilaya. Piga simu kwanza uthibitishe mahali, maana wilaya kubwa zina utaratibu wao.

1. Jaza fomu lakini usiitie sahihi nyumbani. Ni kiapo, unasaini mbele ya karani au mthibitishaji wa viapo (notary).
2. Andika jina lako vile unavyotaka lisomeke kwenye karatasi ya kura. Kama watu wote wanakuita Joseph na majina matatu ya ukoo yako kwenye pasipoti pekee, andika unalojulikana nalo. Vyeo vya Pasta na Daktari viache nyumbani.
3. Lipa dola 2, chukua risiti, ipige picha.
4. Kama kuna viti vya kanda, au uchaguzi wa kawaida na wa kujaza nafasi kwa wakati mmoja, hakikisha umeandika kiti sahihi.

Mimi siku hiyo nilivaa suti na tai. Karani, mama mzee mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, alihesabu noti zangu mbili, akagonga muhuri, akasema, "Haya, umeshakuwa mgombea." Ilichukua dakika nane. Nilibaki nimesimama nikingoja jambo jingine.

Ukibadili mawazo, unaweza kujiondoa hadi saa kumi na moja jioni, siku mbili baada ya mlango kufungwa. Baada ya hapo jina lako litachapishwa upende usipende.

Hatua ya 5: Pesa (soma hapa mara mbili)

Siasa tulizokulia zimetufundisha kwamba mkono mtupu haulambwi. Hapa mkono uliojaa ndio utakaokupeleka mahakamani.

Usimpe mpiga kura kitu. Kumpa mtu pesa, chakula, pombe, nguo au chochote chenye thamani ili akupigie kura ni kosa la jinai, tena kubwa. Hakuna nauli, hakuna unga, hakuna fulana kwa kura. Chai na mandazi vya thamani ndogo kwenye mkutano wako, vikaliwa hapohapo, vinaruhusiwa. Nyama choma ya mbuzi watatu na kreti za bia si chai na mandazi.

Usipokee pesa kutoka nyumbani. Hili ndilo linalotuponza. Sheria ya nchi nzima inakataza mtu asiye raia wala mwenye grini kadi kuchangia uchaguzi wowote, hata huu mdogo wa bodi ya shule. Shangazi yangu alisikia habari kwenye kikundi cha familia akataka kutuma shilingi elfu kumi "za soda". Ilinibidi nimpigie na kumweleza kwamba upendo nimeupokea, pesa siwezi. Alinuna mwezi mzima. Mwenye grini kadi anaweza kuchangia. Aliyeko kwa viza ya masomo hawezi, ingawa anaweza kujitolea bila malipo kukusaidia kubeba vipeperushi.

Usipokee hundi ya kampuni. Wengi wetu tuna ndugu wenye kampuni za kuhudumia wazee. Akitaka kuchangia, atoe kwa jina lake na kutoka akaunti yake. Hundi yenye jina la kampuni irudishe siku hiyohiyo. Kanisa lililosajiliwa nalo ni vivyo hivyo, kwa hiyo sadaka maalumu ya mgombea isipitishwe.

Kikomo: mtu mmoja haruhusiwi kuzidisha dola 600 mwaka wa uchaguzi, na dola 250 mwaka mwingine. Wilaya yenye wakazi zaidi ya 100,000 kikomo cha mwaka wa uchaguzi ni dola 1,000.

Ripoti: ukishapokea au kutumia zaidi ya dola 750 kwa mwaka, una siku 14 za kupeleka ripoti ya kwanza kwa karani. Nyingine hufuata siku 10 kabla ya uchaguzi na siku 30 baada yake. Aliyekupa jumla ya zaidi ya dola 100 lazima aandikwe jina, anwani na mwajiri wake. Ndiyo maana harambee ya kupitisha kofia haifai: noti zikishachanganyika, hujui nani alitoa nini. Fungua akaunti ya benki ya kampeni pekee, na kila mchango uwe na jina.

Kiasi gani kinatosha? Kampeni yangu ya pili ilitumia chini ya dola 2,000, nyingi zikiwa za kuchapa. Ya kwanza ilitumia zaidi, nikashindwa.

Hatua ya 6: Vipeperushi na mabango

Kila karatasi, bango na tangazo lako lazima liwe na mstari unaosema limeandaliwa na kulipiwa na kamati gani ya kampeni, pamoja na anwani. Nilichapa vipeperushi 1,000 bila mstari huo. Mimi, mke wangu na watoto wawili tulikaa mezani hadi saa saba usiku tukibandika vistika kimoja kimoja. Binti yangu bado ananidai piza.

Jina au picha ya mtu anayekuunga mkono usiiweke kabla ya kupata ruhusa yake kwa maandishi. Ujumbe wa simu unaosema "ndiyo, weka jina langu" uhifadhi.

Mabango huwekwa kwenye uwanja wa mtu aliyekubali. Ukanda wa nyasi kando ya barabara kuu ni wa serikali, utayakuta yameng'olewa. Na usitie kipeperushi kwenye sanduku la posta la mtu. Sheria ya posta inakataza kitu kisicho na stempu humo. Kichomeke mlangoni.

Hatua ya 7: Piga hodi

Nenda kwenye matokeo ya uchaguzi uliopita wa bodi hiyo. Kama viti vilikuwa vitatu, tazama aliyeshika nafasi ya tatu alipata kura ngapi. Hiyo ndiyo namba yako, ongeza kidogo. Usijipime kwa idadi ya watu uliowaona kwenye harusi. Tuhesabu ukweli: katika ile harusi ya watu 400, ondoa wasio raia, ondoa wanaoishi wilaya nyingine, ondoa walioko zamu, ondoa wasiojiandikisha. Mara ya kwanza nilitegemea "watu wetu" na nikapata watu wetu, wote 90.

Unaweza kununua orodha ya wapiga kura waliojiandikisha kutoka ofisi ya Secretary of State, kwa kazi ya uchaguzi pekee. Itakuambia nani hupiga kura kila mara. Anza na hao.

Mlangoni, piga hodi kisha rudi nyuma hatua mbili. Mwafrika mrefu akisimama kifuani pa mlango saa mbili usiku hapati kura, hata awe na tabasamu la malaika. Nenda kati ya saa kumi na saa moja jioni, au Jumamosi asubuhi. Sema jina, sema mtaa unaoishi, sema shule ya watoto wako, kisha uliza: "Shule zetu zikirekebisha jambo moja, unataka liwe lipi?" Nyamaza. Andika jibu. Dakika mbili, ondoka.

Wengi wanaoishi kwenye maghorofa hawajawahi kubishiwa hodi na mgombea, kwa sababu wagombea huogopa mlango wa chini uliofungwa. Sheria ya Minnesota iko upande wako: mgombea aliyejaza fomu, na wasaidizi waliofuatana naye, hawazuiwi kuingia jengo la kupangisha kwa kampeni. Meneja anaweza kudai kitambulisho. Beba nakala ya hati yako ya kiapo na uongee kwa adabu. Ila wasaidizi wasiende bila wewe.

Kwenye karatasi ya "chagua hadi watatu", mpiga kura halazimiki kujaza tatu. Akikupigia wewe kisha akawajaza wawili asiowajua, anaweza kuwa amewavusha juu yako. Wafafanulie marafiki zako hili taratibu.

Hatua ya 8: Kura ya mapema na siku yenyewe

Manesi na wanaofanya zamu ndefu zenye urefu wa saa kumi na mbili wapige kura mapema. Usiwaache hadi Jumanne, maana Jumanne kuna theluji, kuna mtoto mgonjwa, kuna mwenzake asiyefika kazini. Ambaye hajajiandikisha na ni raia anaweza kujiandikisha kituoni siku hiyohiyo akiwa na uthibitisho wa makazi.

Wewe kaa mbali: hakuna kampeni ndani ya futi 100 za kituo, wala fulana yenye jina lako. Na karatasi ya kura ya mtu mwingine usiiguse, hata ya mama mkwe.

Ukikwama

"Bosi hanipi ruhusa nikishinda." Sheria ya jimbo inamtaka mwajiri akuruhusu kuhudhuria vikao vya kiti ulichochaguliwa. Si lazima akulipe muda huo, na mnaweza kukubaliana ufidie saa.

"Mimi ni mwajiriwa wa wilaya hiyohiyo." Ongea na karani kabla ya kujaza fomu. Kuna kikomo cha malipo kwa mjumbe anayefanyia kazi wilaya yake.

"Wananiuliza mimi ni Democrat au Republican." Kiti hiki hakina chama kwenye karatasi ya kura. Jibu kwa jambo la shule: "Mimi niko kwa mabasi yafike." Watacheka, mtaendelea.

"Lafudhi yangu." Sema polepole. Mzee mmoja aliniambia hakuelewa nusu ya maneno yangu lakini mimi ndiye wa kwanza kufika mlangoni kwake tangu ahamie hapo.

"Kikundi cha WhatsApp kimegawanyika, kuna Mkenya mwingine anagombea." Mtafute kabla ya mlango wa kujiondoa kufungwa, mnywe chai, mwamue. Mkishindwa kuelewana, msitukanane kikundini. Picha za skrini husafiri.

"Sikufikisha dola 750, basi sina karatasi za kupeleka." Unazo. Ndani ya siku saba baada ya uchaguzi thibitisha kwa karani kwamba hukuvuka kiasi hicho. Usipofanya hivyo, hata mshindi hapewi cheti chake.

"Nimeshindwa." Toa mabango kabla ya siku ya kumi. Peleka ripoti ya mwisho, funga akaunti. Kisha nenda kikao kinachofuata, keti palepale nyuma. Mjumbe akijiuzulu katikati ya muhula, bodi yenyewe ndiyo humteua wa kuziba pengo, na huanza kutazama sura inazozijua. Mimi walinitazama, wakamteua mwingine. Nikajaza fomu tena Agosti iliyofuata. Dola 2, karani yuleyule, na safari hii sikuvaa tai.